Shemeji Anataka Bastola

Wiki hii barua za mahari na mawifi zitasubiri. Ipo barua moja imenikaa moyoni, na ingawa aliyeiandika aliomba nimjibu faraghani, nilimwomba ruhusa nijibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Amekubali, mradi nisitaje jina wala nyumba. Nitamwita Mama Wawili.

Anaishi hapa hapa Kimironko, Kigali. Yeye ni Mkenya, mume wake ni Myahudi wa Marekani, na mwenyewe aliingia dini hiyo kabla ya ndoa, akasoma, akakubaliwa. Mtoto wa kwanza ana miaka saba, wa pili mitatu. Ijumaa jioni wanawasha mishumaa, wanazima simu, wanakula pamoja. Tangu Oktoba 2023, Hamas waliposhambulia Israel, nyumba hiyo haina utulivu. Mume anaamka usiku kukagua geti, anarudi kitandani, anaamka tena. Kaka yake aliyeko Pennsylvania alinunua bastola baada ya mauaji ya Pittsburgh, na kila mara anamtumia ujumbe: wewe uko huko na watoto, unajilindaje? Sasa mume huyo, ambaye mimi namwita shemeji, ameanza kuulizia bastola. Na kuna rafiki kamnong'oneza kwamba kibali kikichelewa, ipo njia nyingine ya upande wa Goma.

"Dada," anaandika, "nikikataa nitaonekana sijali maisha ya watu wangu. Nikikubali, nitalalaje na kitu hicho chumbani?"

Mdogo wangu, nianze na shemeji, maana wako wasomaji ambao wangependa nimwambie kwamba ametishika bure. Hajatishika bure. Tarehe 27 Oktoba 2018, siku ya Sabato, mtu aliingia katika sinagogi ya Tree of Life mjini Pittsburgh akaua watu 11 waliokuja kusali, wengi wao wazee. Mwaka 2008 magaidi walioshambulia Mumbai waliitafuta makusudi nyumba ya Chabad, ile jumuiya ya Kiyahudi inayopokea wasafiri katika miji mingi duniani, Kigali ikiwemo. Walimuua rabi na mke wake. Mtoto wao wa miaka miwili aliokolewa na yaya, Sandra Samuel, Mhindi asiye Myahudi, aliyembeba akatoka naye mbio.

Na kwetu yametokea. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, gari lililojaa vilipuzi liliparamia hoteli ya Paradise pale Kikambala, kaskazini mwa Mombasa. Wageni kutoka Israel ndio kwanza walikuwa wanafika, na kikundi cha ngoma cha Wagiriama kilikuwa pale kuwapokea. Walikufa Waisraeli 3, wawili wao watoto wa familia moja, na Wakenya 10. Makombora yaliyorushwa asubuhi hiyo hiyo kuelekea ndege ya Waisraeli iliyokuwa inaondoka Mombasa yalikosa shabaha. Kwa hiyo mtu akikuambia mambo ya Wayahudi ni ya kwao huko, mwambie aende Kikambala akaulize. Waliolengwa walikuwa Wayahudi. Misiba mingi iliingia katika nyumba za watu wa Pwani. Usalama wa nyumba yako ni usalama wa askari wako wa getini, wa dada wa kazi, wa jirani aliyeshikana ukuta na wewe. Hilo nitalirudia.

Sasa nikupe hoja nzito kuliko zote ambazo shemeji angeweza kuleta, hata kama hajaileta. Tarehe 21 Septemba 2013 Al-Shabaab walivamia Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Kabla vikosi vikubwa havijajipanga, waliotangulia kuingia walikuwa polisi wachache na raia wenye bastola za leseni. Mmoja wao ni Abdul Haji, ambaye baadaye amekuwa seneta wa Garissa. Kaka yake alikuwa amenasa ndani. Haji akachukua bastola yake akaenda. Wengi mnaikumbuka ile picha: msichana mdogo anakimbia sakafuni peke yake kuelekea kwa mwanaume aliyeinama na kumnyooshea mkono. Mwanaume yule ni Haji, Muislamu, Msomali wa Kenya. Familia aliyokuwa akiitoa ni ya Wamarekani. Bastola ya raia iliokoa watu siku ile, na sitalificha hilo ili jibu langu lipendeze.

Lakini soma hadi mwisho habari ya siku hiyo. Wanajeshi walipoingia, risasi zilirushwa kati yao na polisi waliokuwa tayari ndani, na ofisa mmoja wa kikosi cha polisi akauawa na risasi za upande wake. Hao ni watu wenye mafunzo na redio za mawasiliano. Raia aliyevaa fulana na kushika bastola, akikutana na askari aliyefika mbio moyo ukimdunda, atajitambulishaje? Manchester, Uingereza, tarehe 2 Oktoba 2025, sikukuu ya Kiyahudi ya Yom Kippur, mtu alivamia sinagogi ya Heaton Park. Waumini waliusukuma mlango kwa ndani asiingie. Polisi walifika upesi wakampiga risasi, na risasi yao mojawapo ikamuua muumini aliyekuwa ameushikilia mlango ule. Hakuwa hata na fimbo.

Kwa hiyo muulize shemeji, kwa upole na bila kumkejeli: umewahi kufyatua risasi hata moja gizani, mkono ukitetemeka, mtoto akilia nyuma yako? Haji alijua kuitumia silaha yake. Wanaume wengi wanaonunua bastola kwa hofu wanaitoa kwenye boksi, wanaitazama, wanaifungia kabatini, na siku wanapoihitaji ni mara ya kwanza wanaishika kweli kweli.

Haya, turudi kwenye barua yako, kwenye mstari uliouandika haraka ukapita. Umesema shemeji hali chakula vizuri, hacheki na watoto, na usiku mmoja alisema afadhali angekuwa kule akafa na wenzake.

Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko barua yote. Wewe umeniuliza habari ya adui atakayeruka ukuta. Mimi nina wasiwasi na mtu ambaye tayari yuko ndani, unayempenda, asiyelala.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwafuatilia mamilioni ya watu wazima wa California kwa zaidi ya miaka kumi. Matokeo yao yalitoka mwaka 2020: wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa karibu mara 8 zaidi ya wasio nayo kujiua kwa risasi. Wanawake wenye bastola, mara 35. Mwaka 2022 wakatoa matokeo kuhusu watu wasio na silaha wanaoishi nyumba moja na mwenye bastola. Hao walikuwa na uwezekano wa mara 7 zaidi kuuawa kwa risasi nyumbani na mwenza wao, ukilinganisha na wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola, na wengi mno kati ya waliouawa walikuwa wanawake. Na wengi wanaonunua bastola huinunua kwa sababu ile ile ya shemeji: kujilinda na mtu wa nje. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako.

Elewa vizuri ninachokuambia. Sisemi shemeji ni mtu mbaya, wala sisemi atakugusa. Mtu mwema akizidiwa na huzuni anakuwa na usiku mmoja mbaya kuliko zote. Akiuvuka usiku huo bila silaha karibu, mara nyingi anafika asubuhi, na wengi waliofika asubuhi wameishi miaka mingi, wameozesha binti zao, wameshukuru. Bastola haimpi mtu nafasi ya pili.

Na wa miaka saba je? Kila mzazi anaamini amejua kuficha. Mtoto wa miaka saba anajua biskuti zilipo, anajua simu ya baba inafunguliwa kwa namba gani, anajua ufunguo wa kabati unaning'inia wapi. Wa miaka mitatu anamfuata wa saba kila aendako.

Basi jibu langu ni hili, nalisema wazi ili usilitafute katikati ya mistari: hapana, bastola isiingie nyumba hii kwa sasa. Akipona, akalala, akacheka, na akitaka kulizungumza tena mbele ya sheria na mbele ya rabi wake, mtalizungumza. Leo hapana.

Najua ataleta Maandiko, na ana haki ya kuyaleta. Mimi ni Muislamu wa Kigoma, sina cheo cha kumfundisha Myahudi Torati yake. Haya nimeyasoma na kuyauliza kwa wenyewe, na wewe uliyesomea unaweza kunisahihisha. Katika Kutoka iko hukumu ya mwizi anayevunja nyumba usiku, na Talmud katika Sanhedrin imeipanua: mtu anayekuja kukuua, una ruhusa kumtangulia. Hakuna rabi atakayemwambia ajikunje asubiri kufa. Lakini Talmud hiyo hiyo, katika Bava Kamma, inayo mafundisho ya Rabi Natan kwamba mtu asifuge mbwa mkali nyumbani kwake wala asiweke ngazi mbovu. Ameyatoa kwenye ile amri ya Kumbukumbu la Torati ya kujenga ukingo juu ya paa, ili damu ya mtu isije ikawa juu ya nyumba yako. Rabi Natan hapo hamzungumzii adui. Anamzungumzia mgeni aliyekuja kunywa chai, mtumishi anayepanda ngazi, mtoto anayecheza uani. Shemeji akae na rabi na mafundisho yote mawili yakiwa mezani, lile la mwizi na lile la ngazi.

Sasa sheria. Hapa si Pennsylvania, ambako kaka mtu aliingia dukani. Rwanda ina sheria ya silaha ya 2018, na chini yake raia hawi na bunduki kwa sababu tu anaitaka na fedha anazo. Anahitaji kibali, na mwenye kutoa kibali anaweza kukataa. Kama shemeji anataka kujua amesimama wapi, aende polisi mchana kweupe aulize, na akubali jibu atakalopewa.

Ile njia ya Goma haina mjadala, na naomba leo uiseme kwa sauti ambayo hajawahi kuisikia kwako. Bunduki inayotoka mashariki ya Kongo inakuja na mambo usiyoyajua: imeibwa kwa nani, imemuua nani, nani anaitafuta. Waasi wa M23 waliiteka Goma Januari 2025, na mpaka ule si wa kuchezea. Mgeni akikutwa nayo Kigali, hakuna atakayesikiliza kwamba alikuwa baba mwenye hofu. Atakwenda gerezani, ninyi mtabaki na mizigo na watoto wanaouliza baba yuko wapi. Na anayemnong'oneza habari hizo si rafiki yake. Mkate mguu nyumbani kwako.

Liko pia jambo la mtaa huu ambalo shemeji, kwa ugeni wake, huenda halioni. Kimironko ukiitazama mchana ni soko, vitenge vimeninginia, mafundi wamepiga cherehani, madereva wa pikipiki wanaita abiria, Kiswahili cha Bukavu na cha Bujumbura na cha kwetu Kigoma vinachanganyika na Kinyarwanda. Lakini wengi wa umri wangu unaopishana nao pale kituo cha mabasi wana hesabu yao ya 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Pale Gisozi, mji huu huu, wamezikwa zaidi ya 250,000 kati ya waliouawa. Mwezi wa Aprili, wa kumbukumbu, tunapita kwenye nyumba za watu tukizungumza polepole. Mlio wa risasi moja tu, hata kama imefyatuka kwa bahati mbaya wakati shemeji anasafisha silaha yake, utamrudisha mama wa jirani mahali ambapo ametumia miaka thelathini kutoka.

Hoja ya "laiti wangekuwa na silaha" siidharau. Wayahudi wanaijua tangu Warsaw, Aprili 1943, pale vijana wa geto walipopigana na bastola chache dhidi ya jeshi la Wanazi. Wanyarwanda wanaijua kwa Bisesero. Watutsi walipanda milima ile ya Kibuye na kupigana kwa mawe na mikuki, tangu Aprili hadi mwisho wa Juni 1994, dhidi ya wanajeshi na wanamgambo wa Interahamwe wenye bunduki na magruneti. Waliuawa maelfu kwa maelfu. Walionusurika ni kama elfu moja. Siwezi kusimama mbele ya watu wale nikasema silaha haina maana. Lakini waliokuwa wanawaua walikuwa na dola nzima: jeshi, redio, viongozi wa tarafa, vizuizi kila barabara. Na lililokomesha mauaji Julai 1994 lilikuwa ni jeshi, lile la RPA. Bastola ya baba mmoja kwenye droo hailijibu swali la Bisesero. Inajibu swali dogo, la mtu mmoja anayekuja usiku mmoja, na kwa swali hilo dogo yako majibu salama zaidi. Mwaka 2013 mtu alirusha gruneti hapa hapa Kimironko, likaua na kujeruhi. Bastola ya nani ingelizuia?

Chukua mfano wa Halle, Ujerumani, tarehe 9 Oktoba 2019, Yom Kippur tena. Mtu mwenye bunduki alizotengeneza mwenyewe alifika kwenye sinagogi iliyokuwa na watu kama 50. Akaupiga mlango risasi, akarusha vilipuzi. Mlango wa mbao ukakataa. Hakuingia. Akageukia barabarani akamuua mwanamke mpita njia, kisha kijana kwenye duka la kebabu. Waliokuwa ndani wakapona kwa mlango, na waliokufa walikuwa watu wa nje. Colleyville, Texas, Januari 2022, rabi Charlie Cytron-Walker alimkaribisha mgeni aliyebisha asubuhi ya baridi akamtengenezea chai. Mgeni akatoa silaha akawateka watu wanne, rabi akiwemo. Mmoja aliachiwa mapema; waliobaki walikaa naye saa kumi na zaidi. Mwishowe rabi akamrushia kiti, wakakimbilia mlangoni, wakatoka wote wakiwa hai. Alisema kilichomsaidia ni mafunzo ya usalama aliyokuwa amepata.

Basi leo jioni nenda ukatazame mlango wako wa mbele. Nyumba nyingi za kupanga hapa zina milango ya chuma chembamba yenye vioo katikati. Kioo kikivunjwa, mkono unapita, na pale pale kwa ndani ufunguo umeachwa umening'inia kwenye kitasa. Toa ufunguo huo. Mwite fundi wa kuchomelea aweke bati nyuma ya vioo na komeo mbili, ya juu na ya chini. Madirishani nondo ziwepo, lakini moja lifunguke kwa ndani kwa kufuli mnayojua wote ufunguo wake uko wapi, maana moto nao ni adui. Chagueni chumba cha kukimbilia, na kiwe cha watoto, kwa sababu huko ndiko mtakakokimbilia hata kama mmepanga kwingine. Mlango wake uwe mzito. Ndani muweke tochi, maji na simu yenye chaji. Polisi ni 112, gari la wagonjwa ni 912.

Simu hiyo isizimwe Ijumaa. Kuokoa uhai kunaitangulia Sabato, hilo ni jambo ambalo dini yenu haina ubishi nalo, na marabi wanahimiza mtu asisite. Lizungumzeni kabla, ili saa ile pasiwe na mtu anayejiuliza.

Shemeji mpe kazi ya mikono. Mwanaume mwenye hofu akikaa bure anatafuta bastola. Aende na fundi, apime milango, afunge taa ya uani. Ajifunze kuzuia damu isitoke. Msalaba Mwekundu wa Rwanda wanafundisha huduma ya kwanza, na mwende wote wawili, na dada wa kazi awe wa tatu.

Kwa dada wa kazi nilisema nitarudi. Katika barua yako ndefu hujamtaja hata mara moja, wala askari wa usiku. Kule Mumbai waliingia watu wenye silaha za kivita, na mtoto akapona mikononi mwa yaya. Dada yako anajua chumba cha kukimbilia ni kipi? Ana namba ya kiongozi wa mudugudu, yaani kijiji chenu? Umempa ruhusa ya kumkatalia mgeni getini, hata mgeni huyo akijua jina la baba mwenye nyumba, bila kuogopa kwamba atafokewa? Askari unamlipa kwa wakati, au mwezi unapita na yeye anaona haya kukukumbusha? Hatari inamfikia yeye kabla haijafika kwako. Wakae sebuleni mzungumze nao kwa Kiswahili au Kinyarwanda wanachokielewa, na muwasikilize. Wanajua sura za mtaa huu kuliko ninyi.

Kisha majirani. Hapa tuna irondo, doria ya mtaa, usiku kucha, tuna mutwarasibo, kiongozi anayejua kila nyumba ya isibo yake, yaani kikundi chake cha nyumba jirani, tuna askari barabarani saa ambazo miji mingine imelala. Lakini ulinzi huo unafanya kazi kwa anayejulikana. Ninyi Jumamosi ya mwisho ya mwezi hamtoki kwenda umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na sababu yenu ni ya haki kabisa, ni Sabato. Jirani asiyejua hilo anaona tu geti lililofungwa na watu wanaojitenga. Waadventista wa Rwanda nao hawafanyi kazi Jumamosi, na wamezoea kufanya umuganda wao Jumapili. Nendeni kwa kiongozi wa mudugudu, mwelezeni, ombeni kuungana nao. Shemeji ashike jembe, achimbe mtaro, avuje jasho na baba wa nyumba ya tatu. Watoto wacheze na wenzao. Mkifanya hivyo miezi michache, siku mtu asiyejulikana atakapozunguka geti lenu mara mbili, simu itakuja kwenu kabla hamjamwona.

Kuna msomaji atasema naweka mzigo wote kwa mwanamke. La. Nakuandikia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeniandikia. Lakini mazungumzo haya myafanye wawili, na usiyaanze usiku akiwa amesimama dirishani. Subiri mchana, watoto wakiwa shule. Anza na hofu yake, usianze na bastola. Mwambie: naogopa pamoja na wewe, nimeandika orodha ya milango, twende kwa fundi. Kisha mwambie la pili: sauti yako ya usiku ule, uliposema afadhali ungekufa, haijanitoka masikioni, na nataka umwone daktari. Hapa Kigali ukitaja Ndera, ilipo hospitali ya magonjwa ya akili, watu wanafikiri umemwita mtu kichaa. Wapuuze. CARAES Ndera wanawatibu pia watu wanaosumbuliwa na hofu na wasiolala, na baada ya 1994 nchi hii imeyajua majeraha ya moyo kwa undani. Ihahamuka, yaani kiwewe, si siri katika nyumba za majirani zako, na hakuna atakayemshangaa. Kama anaona haya kuanzia hospitali, aanzie kwa rabi, kisha rabi amsindikize.

Akirudia tena maneno ya kutaka kufa, usingoje kupambazuke. Usimwache peke yake. Mwite mtu mzima mwingine nyumbani, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Na endapo siku yoyote hofu yake itageuka kuwa mkono juu yako, namba ya polisi ya ukatili wa kijinsia, 3512, ni ya bure, na Isange, kituo cha kuwahudumia wanaofanyiwa ukatili, pale hospitali ya Kibagabaga ni karibu na kwako.

La mwisho ni lile uliloliandika pembeni ya karatasi, kwamba Pasaka yenu mnakwenda Pennsylvania na mtalala kwa kaka yake. Mpigie kabla hamjakata tiketi. Usimzungushe: bastola yako imefungiwa wapi, risasi ziko wapi, ufunguo anao nani? Ikiwa ipo kwenye sefu, risasi mahali pengine, ufunguo mfukoni mwake, nendeni mkale matza kwa amani. Akikujibu kwamba iko juu ya kabati na watoto hawafiki, au akakasirika umeuliza, shukuru kwa ukarimu wake na mkalale hotelini. Ukirudi, niandikie yote mawili: alivyosema kaka, na alivyosema daktari.